Ngozi Anayoilalia Raheli

Sogeeni karibu, Abdulkadiri na Sikudhani, na msiniambie nipumzike, maana leo nina furaha ambayo hata homa hii imeshindwa kuizima.

Nyumba hii ya Mpwapwa na shamba la mtama ni vyenu. Gawaneni kwa sheria ya dini yetu, msinitie aibu mimi baba yenu kwa kugombana. Hayo yamekwisha. Sasa sikilizeni, kesho asubuhi shauri la Raheli linasikilizwa bomani, mbele ya Mdachi, na mjane yule hajui Kiswahili wala hana mbuzi wa kumpa mkalimani, yule bwana asiyefungua kinywa bila mbuzi, anayeninunia tangu nilipoanza kuwasemea watu bure. Na anune. Marehemu mumewe alimwekesha Mgogo mmoja, Matonya, ng'ombe wake, awachunge na kunywa maziwa, kama Wagogo wafanyavyo. Mume kafa, Matonya sasa anaapa kundi ni lake tangu zamani.

Jana Raheli kaja kunijulia hali, nikamwuliza kama kuna ng'ombe aliyewahi kufa kule kwa Matonya. Akasema yupo mmoja, mwaka jana, na Matonya mwenyewe alimletea ngozi, ndiyo anayoilalia. Wallahi, nusura niruke kitandani! Mgogo hapeleki ngozi ya ng'ombe wake kwa mtu. Humpelekea mwenye mali, aone kwamba mnyama kafa kweli, hakuuzwa. Matonya alifuata mila kabla tamaa haijamwingia, na sasa amesahau.

Abdulkadiri, usikunje uso, wewe utabaki, kama ni kunizika utanizika. Sikudhani, Kigogo unakijua kunishinda, umekua ukicheza na watoto wao. Nenda wewe. Wakicheka kwamba kaja mwanamke, waache wamalize, kisha tandika ngozi ile mbele ya Mdachi, umwulize Matonya swali moja tu: "Uliipeleka kwa nani, na kwa nini?" Halafu nyamaza, mwache ahangaike. Na kwa Raheli usipokee hata kuku.

Ukipata habari njiani kwamba nimekata roho, usigeuke, mwanangu. Utanililia ukirudi.

Nipeni maji kidogo... Basi, yanatosha. Mungu awaweke pamoja, awape... awape ulimi mwepesi na moyo msafi. Sikudhani, bado umesimama hapo? Kwa Raheli ni mbali, na jua linashuka. Niache, mama. Nenda... nenda sasa.