Kitanda Kilichotoka Uwanda wa Chumvi

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1987, saa tano kasoro robo asubuhi, kaka yangu Evaristo Moyano alisimamisha gari lake la mizigo mbele ya nyumba ya udongo ya mjane Eduviges, magharibi ya mji wetu huu wa Deán Funes, pale vichaka vinapokwisha na uwanda wa chumvi unapoanza, akashuka kununua fanicha kuukuu. Ndugu waombolezaji, najua historia ya marehemu huanza na kuzaliwa, na kuzaliwa kwake nitakusoma sasa hivi, lakini yeye mwenyewe, siku mbili kabla ya kufa, aliniagiza nianze na saa hiyo, akanishika mkono mpaka nikakubali. Mimi ni Hilario, mdogo wake, na ninasoma polepole kwa sababu sikusoma sana, na kwa sababu maneno haya ni mazito kinywani.

Marehemu alizaliwa hapa Deán Funes tarehe 26 Oktoba 1951, siku ya Mtakatifu Evaristo, katika nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, aliyekuwa fundi wa breki, na marehemu mama yetu, aliyefua nguo za watu. Alisoma shule ya msingi karibu na stesheni, akamaliza darasa la saba mwaka 1964, na mwaka uliofuata akapokewa katika karakana ya reli na Mzee Crisanto Heredia, fundi wa kung'arisha mbao za mabehewa ya daraja la kwanza. Kwa Mzee Crisanto alijifunza kutoa rangi bila kuumiza mbao, kupiga msasa kwa kufuata nyuzi zake, na kupaka vanishi ya laki iliyoyeyushwa katika spiriti, kwa kitambaa kilichofungwa kama kitumba, mizunguko midogomidogo, siku baada ya siku, mpaka mtu aone uso wake kwenye mlango wa kabati.

Mwaka 1977 karakana ilipunguza watu, naye akafungua karakana yake nyuma ya nyumba, na hapo ndipo furaha yake ilipoanza, maana tangu hapo alinunua alichotaka yeye. Wengi wenu mlimwona sokoni siku za Jumapili, akinusa droo kama mtu anayenusa mkate, akilowesha kidole gumba kwa mate na kusugua kona iliyojificha ili aone mbao gani imelala chini ya rangi. Muuzaji akimwambia, "Hiyo ni kuni tu, rafiki yangu," yeye alijibu, "Basi niuzie kwa bei ya kuni, mke wangu anataka kuchoma nyama," na wiki tatu baadaye kuni hiyo ilisimama dirishani kwake ikiwa meza ya mjozi yenye miguu ya simba. Alikuwa na msemo kwamba mti hufa mara mbili, mara ya kwanza kwa shoka na mara ya pili kwa rangi ya mafuta, na kwamba kifo cha pili yeye anakiweza. Nimemwona akitoa tabaka tatu za kijani cha reli kwenye kiti, na mwerezi mwekundu ulipochungulia, aliniita kwa sauti kama mtu aliyepata mtoto, "Hilario, njoo uone, njoo haraka kabla sijalia!"

Alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Delfina Ludueña, aliyeketi hapa mbele, tarehe 20 Machi 1982 katika kanisa la parokia yetu, wakajaliwa watoto wawili, Fabricio, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1984, na Marisa, aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 1989.

Sasa narudi kwenye ile Jumamosi. Mafundi wa huku wana desturi moja, nao wanaiita Kwaresima ya mbao, kwamba kitu chochote kinachotoka katika nyumba ya udongo kisiingie chini ya paa kabla hakijakaa uani siku arobaini, kikiwa kimepinduliwa miguu juu juani, na kila tundu la kiungo limepakwa mafuta ya taa. Mzee Crisanto alituambia sababu yake, nayo ni vinchuca, yule mdudu mweusi anayeishi katika nyufa za kuta za udongo, anayenyonya damu ya aliyelala na kuacha kinyesi chenye ugonjwa kando ya jeraha. Marehemu aliishika Kwaresima hiyo miaka kumi bila kukosa.

Nilikuwa naye siku hiyo, na mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa vitanda. Vilikuwa viwili, vya mti wa algarrobo, vichwani vimepambwa kwa mwerezi uliochongwa makomamanga, pamoja na kabati moja na viti sita, na Bibi Eduviges aliviuza vyote kwa bei ya mwanambuzi mmoja. Bibi akasema, "Chukua, mwanangu, sina tena wa kuvilalia, mume wangu alianguka kando ya kisima akiwa na ndoo mkononi, shemeji yangu akaanguka akifunga zizi, hakuna aliyefika miaka hamsini, lakini vipige jua sana, ukuta huu umejaa vinchuca." Kaka yangu akacheka, "Mama yangu, nani kaskazini ya Córdoba hajawahi kuonana na vinchuca, hao ni majirani." Bibi hakucheka, alisema, "Majirani zako wewe, wangu wamenimalizia watu."

Tulifika nyumbani saa tisa alasiri, na upande wa kusini wingu lilikuwa limesimama jeusi kama ukuta. Vitu vingine tuliviacha barazani, lakini kitanda kimoja, kile chenye makomamanga mazima bila ufa, Evaristo alikiingiza ndani, kwenye chumba cha mtoto, bila siku hata moja ya Kwaresima, na mafuta ya taa hakupaka, kwa kuwa mwerezi huyanywa na baadaye vanishi ya laki haishiki. Shemeji Delfina alisimama mlangoni na kusema, "Wewe Evaristo, hata jua halijakiona, unakiingiza?" Naye akajibu, "Mvua ikikilowesha hiki, gundi itaachia na nitalia mbele ya mtoto." Shemeji akasema, "Utalia tu," tukacheka sote watatu, Mungu atusamehe.

Mvua ilinyesha siku tatu. Fabricio, wakati huo mwenye umri wa miaka mitatu na nusu, alikipenda kitanda kwa sababu ya makomamanga, akalala humo, na baba yake alilala kando yake mchana baada ya chakula, madirisha yamefungwa. Jumatatu watu wawili wa mjini walikuja wakanunua kitanda cha pili, kabati na viti vyote, wakafurahi kwa jinsi walivyopata kwa bei nafuu. Jumatano, tarehe 18, Evaristo alikifungua kitanda cha mtoto ili aanze kukipiga msasa, na katika matundu ya viungo akawakuta, zaidi ya ishirini, wakubwa na wadogo, wengine wakiwa wamevimba kwa damu. Aliwamwagia maji ya moto, akasafisha, akapaka mafuta ya taa aliyoyakataa, na hakumwambia mtu, si mke wake wala mimi. Wiki mbili baadaye jicho la kulia la mtoto lilivimba likawa rangi ya zambarau, nasi tukadhani ni vumbi la mbao, tukalikanda kwa maji ya maua ya chamomile, likapona, na jambo hilo likasahauliwa na kila mtu isipokuwa mmoja.

Miaka ilikwenda vizuri, na hilo ndilo linalonitisha ninapolisoma. Aliifanyia kazi mimbari ya kanisa hili bila malipo mwaka 1996, alifundisha vijana wa parokia kung'arisha mbao, Fabricio alikua akawa fundi pamoja naye, akaoa, akapata wana wawili. Tarehe 8 Agosti 2011 marehemu alikosa pumzi akipanda ngazi za benki, akapelekwa hospitali ya mkoa, na Daktari Pedernera, baada ya vipimo viwili vya damu na picha ya kifua, alimwambia kwamba moyo wake umetanuka, kwamba ni ugonjwa wa Chagas, ule unaoletwa na vinchuca, na kwamba ugonjwa huo huweza kukaa kimya mwilini miaka ishirini au thelathini. Daktari alimwambia pia wazi kwamba hakuna anayeweza kuapa ni mdudu yupi wala mwaka upi, na kwamba wote wa nyumbani wapimwe. Marehemu alirudi akatuambia ni moyo tu, Chagas hakuitaja. Shemeji Delfina alipimwa baadaye kwa sababu ya upasuaji, damu yake ikawa safi, na Marisa alipimwa akiwa mjamzito, naye akawa safi, na kaka yangu akajidanganya kwamba nyumba nzima imepona, akijua vizuri kwamba Marisa alizaliwa miaka miwili baada ya kile kitanda.

Mwaka 2016, tarehe 14 Juni, aliwekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Tarehe 21 Januari mwaka huu, siku ya Jumamosi, Fabricio alianguka akishusha kabati mbele ya karakana, akalala chini kwa muda wa kusoma Baba Yetu, na alipozinduka jirani mmoja alimtania, "Mzee wako ana miaka sabini na moja anabeba, wewe unachagua mahali pa kulala?" Mwingine akasema ni joto, apewe maji, apunguze nyama. Watu walicheka, Fabricio mwenyewe alicheka, lakini marehemu aliketi chini kwenye ukingo wa barabara, na tangu siku hiyo hakugusa tena msasa.

Alilazwa tarehe 24 Aprili. Jumapili, tarehe 30, aliomba padre, akaungama, na padre alipotoka aliniita mimi, akanieleza yote niliyowasomea. Nilimuuliza kwa nini hakusema, akajibu, "Ningemwambia nini, Hilario, kwamba nilipenda mwerezi kuliko yeye?" Nikamwambia mwana anahitaji kupimwa zaidi ya kuhitaji baba asiye na kosa. Akasema, "Basi mwambie wewe, na watu wote waambie nikiwa ndani ya jeneza, hapo hakuna atakayenipiga," akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. Alifariki Jumanne, tarehe 2 Mei 2023, saa mbili na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Sikumtetea pale kitandani, wala simtetei hapa, nimekuja kutimiza ahadi.

Nilimwambia Fabricio jioni hiyohiyo katika karakana. Akauliza, "Baba mdogo, alijua tangu lini?" Nikamjibu. Akasema, "Kumbe miaka yote hiyo alikuwa ananihesabia pumzi." Jana asubuhi mimi na yeye tuliketi kwenye benchi moja tukatolewa damu, majibu yatatoka Jumatano ijayo, tarehe 10 Mei, na daktari amemkataza kunyanyua kitu chochote kizito mpaka moyo wake upimwe. Ndiyo maana leo hamtamwona kati ya wabeba jeneza. Msimnung'unikie, wala msiseme ana hasira na baba yake, hasira anayo, lakini si hiyo iliyomzuia.

Ndugu zangu, kitanda cha pili, kabati na viti sita vilibaki katika mji huu, na huenda vimeshauzwa tena mara mbili au tatu, kwa kuwa mbao za namna ile hazichakai. Kila kitu alichouza alikitia alama kwa chuma cha moto mahali pasipoonekana, E.M. na tarakimu mbili za mwaka. Ukirudi nyumbani leo, piga magoti, tazama chini ya kiti na nyuma ya kichwa cha kitanda, na ukikuta E.M. 87, usikichome wala usikimbie, wadudu wale hawapo tena baada ya miaka hii, bali wakumbuke wote waliolala au kuketi hapo mwaka ule, uwapeleke hospitali wakapime damu, hata wanaojiona wazima, hasa hao. Kipimo ni bure, na Daktari Pedernera anasema dawa zipo, na kwamba anayejua mapema huangaliwa vizuri kuliko anayeanguka kando ya kisima.

Familia inamshukuru Daktari Pedernera na wauguzi wake kwa miaka karibu kumi na miwili ya kumvumilia mgonjwa mbishi, inawashukuru majirani wa mtaa wa stesheni walioleta chai ya yerba mate na sambusa za empanada tangu Jumanne bila kuitwa, wastaafu wa reli waliokesha nasi, na mafundi wenzake wa mbao, waliofunga milango yao siku tatu kwa heshima yake. Tunamshukuru padre, na tunawashukuru ninyi mnaosikiliza bila kuondoka.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Evaristo, aliyependa vilivyotupwa na wengine, usimtendee kulingana na miaka aliyonyamaza, mtoe tabaka baada ya tabaka mpaka abaki yule uliyemwumba. Wafariji Delfina na Marisa, wahurumie wale ambao hatujui majina yao na wanalala leo bila kujua, na uniwie radhi mimi niliyeshika upande wa pili. Yeye apumzike katika amani yako, na Fabricio aamke kesho, na kesho kutwa, na Jumatano, na baada ya Jumatano. Amina.