Boti Yetu Ilipolala Ubavu Baharini

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Nawasalimu nyote mliokusanyika hapa Bariadi, na ninyi wazazi wangu mliotoka Shishiyu asubuhi hii kuja kunisikiliza, mwadila! Mimi ni Kabula, mama Daudi. Mnaniona nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu. Mwenzenu nilikuwa ndani ya maji, na maji yalikuwa yamefika kifuani.

Ndugu zangu, mimi sikukua na maji. Mto wetu nyumbani kiangazi ni mchanga mtupu, unachimba ndipo upate ya kunywa. Ila masika unashuka kwa hasira, na nikiwa msichana niliona unamchukua binamu yangu pamoja na ndama aliokuwa akiwavusha. Tangu hapo nikayaogopa maji. Hata nikienda Lamadi kununua sangara, nilikuwa naligeuzia ziwa mgongo.

Mungu naye akanipa mume wa Tanga! Baba Daudi alikuja hapa kama mtumishi wa idara ya maji, akachimba visima Meatu na Maswa miaka yote, lakini moyo wake ulibaki pwani. Alipostaafu akanunua boti ya matanga iliyokwisha kutumika, waliyoiacha wageni Mtwara. Nilipoiona mara ya kwanza nikaipima kwa hatua. Urefu wake haukuzidi lori la pamba! Ndani kuna vitanda viwili vyembamba kama hori la ng'ombe, na jiko linaloning'inia ili sufuria isimwagike. Rangi imebabuka, kamba nusu zimechakaa.

"Hii imejengwa kwa bahari kuu, mama Daudi," akaniambia, akiipigapiga ubavu. "Ona unene wake. Na chini ina mkuku, uti wa mgongo wa boti, wa madini mazito ya risasi. Ikilala, inainuka yenyewe."

Nikamuuliza, "Kwa nini ilale?"

Akaenda kukagua kamba.

Mwanetu Daudi anafanya kazi ya ujenzi Komoro, na mkewe alikuwa amejifungua mjukuu wetu wa kwanza. Baba Daudi akasema tutakwenda kumwona kwa boti yetu. Mama yangu alilia. "Ng'wana wane, mwanangu, ndege zipo," aliniambia. Lakini nilimtazama mume wangu, mtu aliyeamka kila siku miezi mingi kushona matanga na kubadilisha kamba, nikajua akienda peke yake nitakufa kwa wasiwasi nikiwa hapa Bariadi. Nikaona heri niogope nikiwa naye.

Tukaondoka Mtwara, na siku ya kwanza nilitapika tu. Sikula, sikulala. Nchi kavu ilipopotea nyuma yetu nikashika nguzo ya ngazi na sikuiachia. Kila ubao ukilia, moyo unaruka. Baba Daudi anaimba, mimi nahesabu mawimbi.

Siku ya pili, baada ya saa sita mchana, upepo ukakaa kimya. Halafu mbele yetu pakawa peusi. Mume wangu akasimama haraka kupunguza tanga, na upepo ukaja kutoka upande mwingine kwa ghafla. Ile boriti inayoshika tanga kwa chini ikavuka boti nzima na kumpiga kichwani. Ndugu zangu, nilisikia mlio wake! Akaanguka miguuni pangu, damu inatoka sikioni.

Nikapiga kelele, "Baba Daudi! Baba Daudi!" Mvua inachapa, tanga linapasuka, boti inazunguka kama kuku aliyekatwa shingo. Nikamburuta hadi ndani, sijui kwa nguvu gani. Akafumbua macho, lakini alikuwa anaona watu wawili wawili, hawezi hata kuketi.

"Kamba nyekundu," akanong'ona. "Ifungue. Tanga lishuke."

Nilitoka kwa magoti. Vidole vilikufa ganzi, fundo halifunguki, nikalifungua kwa meno. Tanga likashuka. Nikarudi ndani kuwasha injini, ikakohoa, ikanyamaza. Hapo ndipo wimbi lile lilipokuja. Niliona dirisha limekuwa kijani, kisha kitanda kikawa juu yangu na sufuria zikawa zinaruka. Boti ililala ubavu kabisa! Maji yakamiminika kutoka mlangoni, yakanifika kifuani, nami nimekumbatia kichwa cha mume wangu kisizame.

Sikuomba maombi mazuri, ndugu zangu. Meno yalikuwa yanagongana. Nilisema, "Yesu, Yesu, Yesu," basi. Na ile boti ikatetemeka, ikaanza kuinuka. Taratibu. Ikasimama!

Baba Daudi akanionyesha redio ukutani kwa kidole. Nikabonyeza kitufe. "Nisaidieni! Mimi ni mama Daudi wa Bariadi! Mume wangu anakufa!"

Nikaita tena, na tena, mpaka sauti ikanikauka. Nikaanza kufikiri jinsi mama atakavyopewa habari, na nani atampa.

Ndipo sauti ikaja, kwa Kiswahili! "Mama, nakusikia. Ukimaliza kusema, achia kitufe. Uko wapi?"

"Niko baharini!"

"Sawa, mama. Hapo karibu kuna kioo kidogo chenye namba. Nisomee zote, polepole."

Alikuwa baharia wa Unguja ndani ya meli ya mizigo. Nikamsomea, nikikosea narudia. Akasema, "Nahodha wangu anageuza meli. Usiache kuzungumza nami." Nikawa nachota maji kwa ndoo na kuzungumza naye, nachota na kuzungumza. Aliniuliza Bariadi iko wapi, nikamwambia ni kwa Wasukuma, kwenye pamba, akasema hajawahi kufika. Nikamwambia akituokoa nitamchinjia ng'ombe.

Meli ile ilipotokea kwenye mvua nilidhani ni mlima. Ikasimama upande wa upepo, ikatukinga. Ukali wa mawimbi ukakatika nyuma yake, haleluya! Wakamshusha mtu wao kwa kamba, akamfunga mume wangu kichwa, akaikagua boti, akasema haijavuja popote. Wakatulinda hadi mashua ya uokoaji ilipokuja kutoka Komoro na kutuvuta.

Baba Daudi alilazwa wiki kadhaa. Mjukuu wetu tulimwona humo humo hospitalini, ameletwa na baba yake, amelala. Leo mume wangu yuko pale mstari wa pili, mnamwona. Sikio la kushoto halisikii tena. Baharia yule bado tunapigiana simu, na ng'ombe wake anamsubiri.

Namshukuru Mungu! Nawashukuru ninyi mliofunga na kuomba bila kujua tuko wapi.

Lakini ndugu zangu, siwezi kuwadanganya mbele ya madhabahu. Boti iko Komoro, imetengenezwa, na baba Daudi anataka kuirudisha nyumbani. Sikio lake moja haliwezi kusikia upepo ukibadilika, kwa hiyo anahitaji mtu wa pili. Nimekubali. Bado naogopa, jana nimeshindwa kula. Wewe unayeogopa jambo lako leo, usingoje woga uishe ndipo umwite Yesu. Mwite ukiwa unatetemeka hivyo hivyo, mimi aliniitikia.

Mtuombee. Tunaondoka Jumanne.