Mtihani Uliochapishiwa Zahanati: Risala ya Walimu wa Bonde Jipya, Rongai

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti yetu ndogo, mwalimu mkuu, wazazi na wanafunzi,

KARIBU
Sisi walimu wa Bonde Jipya tunakukaribisha kwa furaha, na kwa woga kidogo, maana tunajua kilichokuleta.

TULIKOTOKA
Mwaka jana wahisani walituletea kompyuta za Linux na printa moja. Tuliichomeka kwa stima, taa ya kijani ikawaka, tukapiga makofi. Waya wa pili, ule wa kuiunganisha na kompyuta, hatukujua kazi yake. Tukautumia kufungia pazia la ofisi.

YALIYOTUPATA
Siku moja kabla ya mtihani wa Gredi ya Tisa, Mwalimu Nabalayo wa sayansi aliketi kuchapisha maswali. Akabonyeza. Kimya. Sisi wataalamu tukajipanga nyuma ya kiti chake.

"Bonyeza tena, madam," akasema naibu wetu, Mwalimu Kang'ethe.

Akabonyeza tena, na tena. Mwalimu Jepkemei akaizaba printa kofi. Mwingine akaanza kuomba. Kompyuta ikaandika kwamba kazi imekamilika.

"Imekamilikia wapi?" akauliza Nabalayo, jasho likimtoka.

Mara akaingia Kiplangat, muuguzi wa zahanati jirani tunayotumia nayo wifi moja, amekumbatia rundo la karatasi. "Walimu, wagonjwa wangu wanajibu sayansi huko kwa benchi. Kuna mathe amekwama kwa swali la umeme."

Kumbe kompyuta iliiona printa ya zahanati kwenye mtandao, ikaichagua yenyewe. Printa yetu haikuiona, kwa kuwa haikuwa imeunganishwa.

Wagonjwa wakaenda na nakala zao, na kufikia jioni soko zima lilikuwa limeusoma mtihani. Nabalayo hakumlaumu mtu. Alifuta kazi zote zilizokuwa kwenye foleni, akafungua waya wa pazia, akaunganisha printa yetu, akaiingiza kwenye mipangilio na kuiteua iwe ndiyo itumikayo daima. Kisha akatunga maswali mapya. Karatasi ya kwanza ilipotoka, tulikumbatiana kama watu waliopata mtoto.

CHANGAMOTO
Bado tunaiogopa printa. Mwalimu Kang'ethe huvua kofia akipita mbele yake. Lakini kubwa zaidi ni kwamba uvumi ulifika ofisini kwako kabla yetu: eti Nabalayo aliuza mtihani. Tumesikia anahamishwa.

MAOMBI
Tunaomba wino na mafunzo. Hayo tunaweza kuyangoja. La uhamisho haliwezi kungoja. Nabalayo hakuuza kitu. Mtihani ulivujishwa na ujinga wetu sote, na yeye peke yake ndiye aliyejua kuurekebisha.

Amekataa kuketi nasi hapa. Amesema hataki kuombewa huruma. Yuko darasa lile la mwisho, anafundisha. Tunakusihi, kabla ya chai, upite umsikilize mwenyewe.

Mungu akupe moyo wa kusikia na akurudishe nyumbani salama.

Ni sisi,
Walimu wa Bonde Jipya, Rongai