Njia Nne za Yakub Kiema Nzuki wa Migwani, 1941–1996

Wazee wetu, akina mama, shekhe na jamaa wa msikiti wa Kitui, mchungaji na waumini wenzangu wa Migwani, majirani wote: mimi ni Mbuvi Nzuki, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Wengi wenu mlifika Jumatano mkakuta kaburi limeshafunikwa, kwa maana wenzetu Waislamu hawakawii kuzika, mkalalamika, na mlikuwa na haki. Ndiyo sababu tumewaita tena leo, Jumamosi tarehe 16 Novemba 1996, mle nasi na msikie habari zake. Mtanisamehe nikisoma kwa furaha kuliko inavyotarajiwa, lakini maisha ya kaka yangu hayasomeki kwa sauti ya chini.

Yakub alizaliwa tarehe 3 Mei 1941 hapa Migwani, mtoto wa pili wa mzee Nzuki Mulei na mama Kasyoka, akabatizwa kwa jina la Yakobo, akalelewa kanisani kama sisi wengine. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1949, akaendelea na masomo ya kati mjini Kitui hadi 1957, akafanya mafunzo ya ukaguzi wa ngozi, na tarehe 1 Februari 1962 akaajiriwa na serikali katika idara ya mifugo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka sokoni na machinjioni, kuwafundisha wachinjaji kuchuna bila kutoboa, kuwamba ngozi kwenye fremu na kuikausha kivulini, kisha kuipangia daraja kabla haijauzwa. Mchinjaji aliyetoboa ngozi alisikia maneno yake, lakini ngozi nzuri aliisifia soko zima, akiishika juu kama bendera, na mwenye ngozi akatembea kifua mbele wiki nzima.

Kazi hiyo ilimweka karibu na Waislamu, kwa kuwa wachinjaji na wanunuzi wengi wa ngozi mjini Kitui walikuwa wao, na alipanga chumba kwa familia moja yenye asili ya pwani. Tarehe 18 Septemba 1964 alisilimu, akawa Yakub. Baba alinyamaza miezi mingi, wazee wa kanisa walikuja na kuondoka, na mama yetu alipoulizwa mtoto wake sasa anaitwa nani, alisema, “Yakobo, Yakub, ni yeye yule, na bado hapendi mboga,” akamwekea chakula.

Sasa nifike Mukuyuni, mwaka 1966, mahali ambapo moto wa maisha yake uliwaka. Alikuwa ameenda kukagua ngozi, adhuhuri ikafika, akaswali nyuma ya bucha pamoja na mnunuzi mmoja, Mzee Rehan, Mnubi aliyekuwa askari zamani. Yakub alikuwa amefundishwa kuswali mikono ikiwa imefungwa kifuani, na alipoona mzee yule amesimama mikono yake inaning'inia ubavuni, alisikia huruma, akadhani ana ugonjwa wa viungo. Swala ilipoisha aliuchukua mzigo wa ngozi wa yule mzee bila kuulizwa, akaubeba kuvuka soko lote mpaka kwenye lori, na akampa na jina la dawa ya kuchua. Mzee Rehan alicheka mpaka akakaa chini. “Kijana,” alisema, “mikono yangu ni mizima, ningeweza kukubeba wewe pamoja na huo mzigo. Mimi nafuata Malik. Wewe ulifundishwa na watu wa Shafii. Lakini mzigo umeshaufikisha, ahsante.”

Kaka yangu alirudi Kitui siku hiyo kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina vyumba vingine ambavyo hajawahi kuvifungua. Nawaeleza wenzangu wa kanisa kwa namna alivyonieleza mimi: kuna wanazuoni wanne wa zamani, Abu Hanifa, Malik, Shafii na Ibn Hanbal, waliosoma Kitabu kimoja na mafundisho ya Mtume mmoja, wakapima ushahidi kwa njia tofauti, na watu wakawafuata, kila mmoja akiheshimu njia ya mwenzake. Watu wa pwani ni wa Shafii. Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Kitui alikuwa wa Hanafi, na ndiyo maana alichelewa kuswali alasiri, jambo ambalo watu walilifikiria kuwa uvivu, mpaka Yakub alipoingia dukani kumuuliza, akatoka huko jioni akiwa ameelewa, na ameuziwa kitambaa cha suruali asichokihitaji.

Kuanzia hapo alisoma Kiarabu kwa bidii ya ajabu, alikusanya vitabu, alisafiri kuuliza, na kila jibu jipya lilimfurahisha kama mvua. Katika ukame wa mwaka 1971, ng'ombe walipokufa wenyewe malishoni, Waislamu wa Kathonzweni walimjia kuuliza kama wanaweza kuuza ngozi za mizoga, naye kabla ya kujibu alimuuliza kila mmoja anafuata njia gani, akamweleza njia hiyo inataka nini, hata pale ilipomnyima mtu faida. Alisema mtu hachagui njia kama anayechagua nyanya, akibonyeza ile laini.

Ndoa yake ndiyo iliyomjaribu kwa neno hilo. Yule mwenye nyumba alimopanga Kitui alikuwa na binti, Tumu, mke wa dereva wa lori aliyeitwa Abubakar. Mwezi wa Novemba 1970 Abubakar alipakia mzigo wa kwenda Sudan, akamwacha Tumu na mtoto mchanga, Halima, na hakusikika tena. Miaka miwili ilipita, Tumu akaenda kwa imamu kuuliza yeye ni mke au ni mjane. Imamu wetu, mtu mwema ambaye alimhurumia kweli, alimjibu kwa ile kauli ya Shafii aliyofundishwa, kwamba angoje mpaka ijulikane kwa yakini kuwa mume amekufa. Mwenye duka la vitambaa alisema kwao ni kungoja mpaka watu wa rika la mume wafe. Tumu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alijibu, “Basi mtanizika mimi kwanza, halafu mje kaburini kuniambia niko huru.”

Yakub alikwenda mbio kwa Mzee Rehan, na huko akasikia kauli ya Malik: mke apeleke shauri lake kwa kadhi, mume atafutwe, miaka minne ipite, mke akae eda ya mjane, kisha awe huru. Aliniambia kwamba aliposikia hivyo aliruka, na alipotua akaogopa, kwa sababu alikuwa anampenda Tumu, na hakujua tena kama amefurahia haki au amefurahia mke.

Basi mwezi wa Machi 1973, kadhi alipofika Kitui kusikiliza mashauri, Yakub aliingia pamoja na imamu na baba yake Tumu, akaeleza kauli zote, ile inayomsaidia na zile zinazomzuia, kisha akasema mbele ya wote, “Shekhe, mimi namtaka huyu mama, kwa hivyo usinisikize mimi, waulize wengine.” Watu waliinamisha vichwa kwa aibu, baba yake Tumu akaangusha kofia, lakini kadhi alicheka, akamtoa nje. Alipoitwa ndani alikuta limeamuliwa, kwa dhiki ya mwanamke yule, kufuata njia ya Malik, na miaka minne ianze kuhesabiwa siku ile, na kadhi akaongeza, “Kwa kuwa wewe ndiye mwenye haraka, wewe ndiye utakayemtafuta huyo mume.”

Na alimtafuta! Kila likizo aliingia barabarani, Garissa, Eldoret, Lodwar, akiuliza madereva wa malori na matanboi wao, akiacha ujumbe mipakani, na mwaka 1975, nilipokuwa nakaa Kathonzweni, nilifuatana naye Lodwar. Tulikuwa tunakunywa chai, mwenye hoteli akasema, “Abubakar wa Kitui? Si yule pale, anayeuza kamba!” Nilimwona kaka yangu akiruka meza na kukimbia kumwendea mtu ambaye angemnyang'anya kila alichokitamani, nikabaki nimeshika vikombe viwili. Alikuwa Abubakar mwingine, wa Mwingi, na alitufanya tununue kamba. Njiani nilimuuliza angefanya nini kama angekuwa ndiye. “Ningempakia garini nimpeleke kwa mkewe,” alisema, “halafu ningekuja kulia kwako Kathonzweni, na ungenipikia.”

Hakupatikana. Miaka minne iliisha, eda ikaisha, na siku ya Ijumaa tarehe 6 Januari 1978 Yakub alimuoa Tumu mjini Kitui, baba na mama yetu wakiwa wamekaa mkekani mstari wa mbele, mama akiuliza kwa sauti mbona hakuna keki. Walihamia hapa Migwani na Halima, Mungu akawajalia Kaluki mwaka 1979 na Idris mwaka 1982.

Tarehe 23 Agosti 1986, siku ya soko, mtu mwembamba mwenye mvi alisimama mbele ya banda la ngozi alilolisimamia Yakub akasema, “Nasikia wewe ndiye unayekaa na mke wangu.” Yakub aliweka kisu chini, akamtazama, akamjibu, “Na mimi ndiye niliyekutafuta miaka minne. Ulikuwa wapi, ndugu yangu?” Alikuwa kifungoni ng'ambo ya mpaka, kisha mgonjwa, kisha mtu mwenye aibu ya kurudi mikono mitupu, na hakuna kati yetu anayejua angefanya nini mahali pake.

Siku hiyo hiyo Yakub alitoa godoro lake nyumbani, akahamia banda la ngozi, kwa sababu, alisema, halali yake imeingia shaka. Sisi ndugu zake tulikasirika, tulimwambia ana cheti, ana watoto wawili, akae kimya. Yeye Ijumaa iliyofuata alisimama msikitini, Abubakar akiwa amekaa mbele yake, akaeleza yote: kwamba kwa kauli aliyoishika imamu mke anarudi kwa wa kwanza, kwamba kwa wafuasi wa Ibn Hanbal wa kwanza anachagua kati ya mke na mahari, kwamba kwa Malik mke akishaingia nyumba ya wa pili anabaki huko, na kwamba yeye, Yakub, si mtu wa kuulizwa. Abubakar alisema kwa uchungu, “Wewe una kauli kwa kila mlango.” Yakub akajibu, “Ndiyo maana nimetoka nje.”

Kadhi alifika tarehe 12 Septemba. Alimuuliza Tumu kwanza, na Tumu alisema, “Nilingoja nilipoambiwa ningoje, niliolewa nilipoambiwa niko huru. Mimi si mbuzi wa kurudishwa sokoni.” Kadhi alihukumu kwamba mwanamke aliyefunguliwa kwa njia ya Malik atalindwa kwa njia hiyo mpaka mwisho, hafai kuingizwa kwa njia moja na kutolewa kwa nyingine, na ndoa ikabaki. Watu walipiga takbiri, mimi Mkristo nilipiga makofi, na kaka yangu peke yake hakushangilia, alikwenda kukaa karibu na Abubakar, ambaye alisimama akaondoka.

Aliondoka kwa miaka mitatu. Halima alipochumbiwa mwaka 1989, kila mtu alitazamia Yakub, aliyemlea na kumsomesha, ndiye amwozeshe, lakini yeye alisema hili halina kauli mbili, baba yu hai, akapanda basi mpaka Voi, akamkuta Abubakar gereji, akamwambia, “Binti yako anaolewa, njoo ufanye kazi yako.” Abubakar alikuja amevaa kanzu ya kuazima, akamwozesha binti yake, na baada ya hapo hakurudi Voi. Alikaa Migwani akanunua ngozi, na jioni mtu akipita bandani aliwakuta wawili hao wakibishana kama watoto juu ya qunuti, ile dua ya kusimama katika swala ya alfajiri, maana Abubakar ni wa Shafii hasa, na hakuwahi kumwachia nafasi.

Kaka yangu alistaafu Mei 1995, sukari ikiwa imeshamdhoofisha. Alilazwa hospitalini Kitui tarehe 29 Oktoba mwaka huu, na Jumanne tarehe 12 Novemba, saa kumi alasiri, alituacha, baada ya kumuuliza muuguzi alasiri ya nani imeingia, ya Shafii au ya Hanafi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walimjibu maswali yake yote kwa subira, majirani wa Migwani mliochota maji na kuleta mahindi na kunde, wenzake wa idara ya mifugo, imamu wetu na mchungaji wetu waliokaa benchi moja tangu Jumatano. Na namshukuru mtu mmoja zaidi. Mke ana haki ya kumwosha mumewe, na njia zote nne zinakubaliana hapo, na Tumu alikuwa ameshakunja mikono ya gauni na maji yameshapata moto. Abubakar alikuja mlangoni akasimama. Tumu alimtazama, akaweka kata ndani ya ndoo, akasogea kumpisha.

Ni Abubakar aliyemwosha, na yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Yakub, kaka yangu, kazi ya kutafuta imekwisha. Pumzika, na amani iwe nawe.