Shangazi Kafungua Mlango

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi manne ya lori, nje ya gereji ya Sikio, na ukilikalia unatazamana na geti la Mkunga ng'ambo ya barabara. Watu wake ni walewale kila asubuhi. Yuko Wembe, kinyozi anayefungua duka siku anapojisikia. Yuko Ticha, mwalimu mstaafu ambaye mpaka leo hajakubali kwamba kipindi kimekwisha. Yuko Mama Birika mwenye kahawa, anayemimina huku anabishana, na ukimkasirisha anakujazia kikombe nusu. Na yuko Sikio, fundi wa magari, aliyepewa jina hilo kwa sababu huisikiliza injini kwanza kabla ya kugusa spana. Asubuhi hiyo wote wanne walikuwa wanatazama kitu kimoja: gari la Mkunga, lile kuukuu la bluu wanaloliita Shangazi, limesimama uani, na mlango wake wa nyuma wa kushoto uko wazi.

— Si nimeufunga sasa hivi huo? alisema Sikio.

— Umeufunga mara mbili, Mama Birika alimjibu. Nakuhesabia.

— Kitasa kimechoka, alisema Wembe. Gari lina miaka thelathini na ushee. Mimi nikizeeka hivyo sijui kama mlango wangu wa nyuma utakuwa unafunga.

Wakacheka. Sikio hakucheka. Kitasa hicho alikibadilisha mwenyewe mwezi uliopita, akaupigapiga mlango mara ishirini mpaka Mkunga akamwambia basi mwanangu, utaniamshia majirani.

Aliondoka, akavuka barabara, akaingia getini akinyata, akausukuma mlango ukalia *kta*. Akarudi upesi bila kutazama nyumba. Hakutaka Mkunga atoke amkute. Nitawaambia kwa nini, maana pale benchini alikuwa hajamwambia mtu.

Mkunga alikuwa amestaafu, lakini mtaa mzima ulipita mikononi mwake, na nusu ya mtaa ilipita pia kwenye kiti cha nyuma cha Shangazi. Zamani hakukuwa na gari lingine huku. Sikio mwenyewe hakufika hospitali. Alizaliwa njiani, juu ya kiti hicho, na mpaka leo Mkunga humwita "mwanangu wa kiti cha nyuma" mbele za watu bila haya. Sasa mtoto wake wa kumzaa, anayeishi mbali, alikuwa amemletea mama yake gari jipya la kijivu. Lilikuwa limefunikwa turubai pembeni ya ua. Shangazi alitakiwa kuondoka siku hiyo hiyo. Dalali angekuja kumchukua. Dalali huyo alishawahi kutumwa mara moja, na Mkunga aliposikia geti alimwasha Shangazi, akatokomea, akakaa kwa rafiki yake siku tatu.

Ndiyo maana jana mchana yule mtoto alimpigia Sikio simu.

"Fundi, kachomoe betri. Mwambie unaangalia maji. Mama akiendelea na hilo bovu ataniulia moyo."

Na Sikio akaenda. Mkunga alimwekea chai, akamuuliza habari za mtoto wake mchanga, akampa na kofia aliyomfumia. Sikio akanywa chai, akashukuru, akafungua boneti, akachomoa betri, akaifunga kwenye aproni kama mwizi wa kuku. Sasa ilikuwa gerejini, chini ya meza ya vifaa. Usiku kucha aliiona kila alipofumba macho.

— Mwenyewe leo amenuna, alisema Wembe. Saa nne hii hajatoka hata kufagia.

— Ungekuwa wewe usingenuna? Mama Birika alimgeukia. Mtu unaondolewa gari lako kama jino!

— Jino likiuma linang'olewa, bibi wewe. Lile jipya kiti chake kinapata joto chenyewe. Linakuambia funga mkanda. Linakuambia kuna mtu nyuma.

— Mimi sitaki gari linaloniambia kuna mtu nyuma, Mama Birika alisema. Hasa nikiwa peke yangu.

Ticha alikohoa. Ticha akikohoa jua somo limeanza.

— Ninyi mnajadili kiti. Hamjadili mlango. Hebu tukumbushane. Mkunga alikuwa anasemaje siku zote akiukuta huo mlango wazi?

Wote walilijua neno lenyewe.

— "Shangazi kafungua mlango," Mama Birika alisema hatimaye, sauti chini.

— Naam. Na akishasema hivyo alikuwa anafanyaje?

— Anatandika shuka kwenye kiti, anaondoka, alisema Wembe. Hangoji kuitwa. Alifika kwangu hivyo. Mke wangu alikuwa bado wiki tano, sisi tunakula zetu, tunaona taa za gari mlangoni. Nikamwambia Mkunga umepotea njia. Akaniambia mwamshe mkeo asimame. Mke wangu akasimama. Basi, maji yale pale sakafuni. Nikisimulia mpaka leo nywele zinanisimama.

— Basi nani mjamzito mtaani? aliuliza Ticha.

Wakaanza kuhesabu. Binti wa mshona viatu alishajifungua. Mke wa Sikio ndiyo kwanza ametoka arobaini. Yule wa nyumba ya bati la kijani ni unene tu, na Wembe aliwahi kumpongeza akaambulia kofi. Walipita mtaa nyumba kwa nyumba wakafika mwisho wakiwa mikono mitupu.

— Hakuna, alisema Wembe. Mnaona? Kitasa.

— Si kitasa! Ticha aliweka kikombe chini. Chuma kina mazoea. Mimi nimefundisha sayansi. Ukifungua mlango mmoja miaka thelathini, siku usipoufungua utajifungua wenyewe. Ni kama mguu wangu huu, saa mbili kasoro unataka kwenda shule.

— Sayansi gani hiyo? Ndiyo maana mtoto wangu alifeli! Mama Birika aliunyooshea ua kidole. Mimi nawaambieni lile lina wivu. Limeona mwenzake kaletwa, kafunikwa kama bibi harusi. Linagoma.

— Likigoma si lingefunga milango yote? Wembe alisogea karibu, macho yamemtoka. Nisikilizeni. Watu wangapi wamelia kwenye kiti kile? Mamia. Vilio havipotei. Vimekaa humo kwenye sponji. Sasa leo linaondoka, vinatafuta pa kutokea.

— Wewe nawe!

— Nenda kaweke kichwa basi kama wewe mwanaume!

— Mimi si mwanaume, mjinga wewe, mimi ni Mama Birika.

Kelele zilipanda. Watatu walisema kwa pamoja, kila mmoja akimzidi mwenzake. Sikio peke yake alikuwa kainamisha kichwa upande, kama anavyofanya gari bovu likiletwa.

— Hebu nyamazeni, alisema.

— Unasikia nini?

— Nyamazeni, jamani!

Wakanyamaza. Kutoka uani ikaja sauti ndogo, ya kuzunguka, isiyopanda wala kushuka. Feni. Ile feni ya mbele ya injini, inayowaka gari likipata moto.

— Ametoka nalo lini? aliuliza Wembe.

— Hajatoka nalo, alisema Mama Birika. Niko hapa tangu alfajiri.

Na mlango wa nyuma wa kushoto, ambao Sikio aliufunga kwa mkono wake, ulikuwa wazi tena.

Feni haizunguki bila betri. Hilo hata mtoto wa gereji analijua siku ya kwanza. Sikio alitaka kusema, akaogopa kusema, maana akilisema moja itabidi aseme na la pili, na Mama Birika angemwaga birika zima kichwani kwake.

Hapo ndipo dalali alipofika. Alikuwa kijana mnene mwenye shati lililopigwa pasi, na bahasha ya karatasi za gari kwapani. Hakusalimia benchi. Alivuka moja kwa moja mpaka uani na kuinua boneti ya Shangazi, kama daktari anayeanza na ulimi wa mgonjwa. Alikaa ameinama muda mrefu. Kisha akachungulia pembeni ya boneti.

— Nani fundi hapa?

— Mimi, alisema Sikio. Miguu ilikuwa imeshamvusha barabara, na wenzake nyuma yake.

— Gari hili betri yake iko wapi?

Wote wakainamia. Pale pa betri palikuwa patupu, vumbi limeacha umbo la mraba, na waya mbili zimelala kando. Na mbele ya macho yao feni inazunguka.

— Niliitoa jana, Sikio alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. Aliniomba mtoto wa Mkunga. Ili mama yake asikimbie nalo tena.

— Uliitoa wewe? Mama Birika alimshika kifua cha ovaroli. Wewe? Uliyezaliwa humu?

— Mimi.

Wembe alishaanza kurudi nyuma kuelekea getini. Dalali alifuta jasho, akawatazama mmoja mmoja.

— Samahanini, mimi ni mgeni. Mwenye gari yuko wapi?

Swali lenyewe dogo hivyo. Wamekaa tangu asubuhi wanamjadili, na gari lake, na kununa kwake, na mtoto wake. Wote wakaigeukia nyumba. Mapazia yalikuwa hayajafunguliwa. Ufagio uliegemea ukuta, umekauka. Mlangoni gazeti lilikuwa palepale muuza magazeti alipolitupa.

— Mtaa mzima tumeuhesabu, Mama Birika alisema taratibu. Nyumba hii hatukuihesabu.

Sikio alikuwa ameshakimbilia ndani.

Walimkuta Mkunga jikoni, chini ya sinki, amelala ubavu, mguu mmoja umepinda vibaya na uso umekuwa wa majivu. Macho yalikuwa wazi. Alimtazama Sikio aliyepiga magoti kando yake huku machozi yanamdondoka puani.

— Mmekuja, alisema. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, imekwisha. Nimewaita mpaka koo limekauka.

— Hatukusikia, mama. Wallahi hatukusikia.

— Mngesikiaje? Mnabishana sana ninyi. Alivuta pumzi. Mimi nilikuwa nawasikia wote.

Mama Birika alijiziba mdomo.

— Nikaona basi, nimtume Shangazi, alisema Mkunga. Akafumba macho.

Walimbeba na godoro lake. Lile gari jipya hakuna aliyelikumbuka. Walimwingiza ndani ya Shangazi, maana mlango ule wa nyuma ulikuwa wazi, na kwenye kiti cha nyuma shuka safi lilikuwa limeshatandikwa. Sikio alikuwa ameufunga mlango ule mara tatu asubuhi hiyo na hakuona shuka. Mama Birika aliingia akakipakata kichwa cha Mkunga. Dalali, sijui kwa nini, aliingia mbele na bahasha yake. Wembe na Ticha walisimamisha pikipiki.

Ufunguo ulikuwa kwenye swichi, mahali pake pa siku zote. Mkono wa Sikio uliuzungusha kwa mazoea kabla kichwa hakijaukataza. Shangazi akawaka mara moja, injini imetulia kama mashine mpya ya kushonea. Sikio alisikiliza. Katika miaka yote aliyolitengeneza hakuwahi kulisikia zima namna ile. Njiani Mkunga alisema mara moja tu kutoka nyuma:

— Matuta, mwanangu. Polepole kwenye matuta.

Hospitalini wakampokea na kitanda cha magurudumu. Nyonga imevunjika, na presha ilikuwa imefika pabaya. Mngechelewa saa moja, nesi aliwaambia, tungekuwa tunazungumza mengine. Ataishi. Mama Birika alilia kwa sauti bila kujali watu. Sikio alimpigia simu yule mtoto wa mbali, akamweleza yote, na la betri, na akamwambia kwamba Shangazi hauzwi, na kama anataka kumnunia mtu amnunie yeye. Yule mtu akauliza, huku analia, nani amemfikisha mama. Sikio akachungulia nje, Shangazi alipo.

Wakatoka nje wote watano. Shangazi alikuwa palepale mbele ya mlango wa wagonjwa, bado ananguruma. Sikio aliinama dirishani, akazima swichi, akautoa ufunguo, akautia mfukoni. Injini ikanyamaza. Feni ikanyamaza. Wote wakashusha pumzi, na Wembe akaanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyeokoka.

— Nilisema mimi, sponji ile…

*Kta.*

Mlango wa nyuma wa kushoto ulifunguka polepole mpaka mwisho. Kwenye kiti, shuka lilikuwa limenyooka, safi, halina hata mkunjo.

Dalali alirudi nyuma hatua moja.

— Sasa ni nani?

Wembe aliweka kiganja kifuani, kama anatafuta kitu mfukoni. Ticha alijishika kifundo cha mkono, midomo ikawa inahesabu. Mama Birika alikaa chini ukingoni mwa njia, mikono juu ya tumbo. Na Sikio, ambaye maisha yake yote amesikiliza injini za watu, aliinamisha kichwa upande, akajisikiliza.