Wageni Waliotema Mvinyo wa Badri

Benchi lilikuwa mbele ya geti la Profesa, chini ya bomba la gesi la manjano linalopita juu ya mageti ya kijiji kizima. Asubuhi hiyo ya Aprili, Badri alifika pale na shati lake la kanisani na uso wa mtu aliyetoka kuzika. Nyumbani kwake, hatua mia kutoka hapo, alikuwa amewaacha wageni wanne kutoka mji mkuu, Tbilisi, wa kwanza kabisa kuja kuonja mvinyo wake. Nao ulikuwa mvinyo wa kwanza kuutengeneza peke yake, maana baba yake alifariki kabla ya mavuno. Trekta, dereva mstaafu ambaye injini zilimla masikio, alimsogezea kikombe cha kahawa.

Trekta: Mbona umekimbia wageni?

Badri: Wameutema.

Trekta: Nini?

Badri: Mvinyo. Nimefungua mtungi mbele yao, nikawamiminia. Wakasukutua, wakatema kwenye ndoo. Wote wanne. Nimemwachia mke wangu, nikasema naenda kuchota maji.

Profesa, aliyelinda maktaba ya kijiji miaka thelathini, alivua miwani.

Profesa: Mtungi una ufa. Umezikwa ardhini tangu enzi za babu yako. Mizizi imeingia.

Trekta: Mizizi wapi. Hiyo ni siki. Baba yako alikuwa akikoroga zabibu huku anaimba. Wewe ulikoroga kimya, kama unapika uji wa mgonjwa.

Profesa: Siki haitokani na kimya, bwana. Hao ni watu wa maabara. Wanakusanya kwenye ndoo, wakapime. Jioni watajua mpaka mbolea aliyotia babu yake.

Trekta: Kwa mate?

Profesa: Kwa mate.

Trekta: Basi hiyo ndoo imwagwe mapema.

Badri hakucheka. Alisema atang'oa ile mizabibu mikongwe apande matikiti, na kusema hivyo tu kulimuuma.

Hapo akaja Tekle, binti yake mkubwa, mwalimu, na jagi la mvinyo mkono mmoja na kipande cha mkate mkono wa pili.

Tekle: Baba, mama anauliza hayo maji unayachota Tbilisi?

Badri: Wameukataa, mwanangu.

Tekle: Wewe mwenyewe umeuonja?

Badri alitikisa kichwa. Kila mwaka baba yake ndiye aliyeonja kwanza, na yeye hakuthubutu kukaa kwenye nafasi ile.

Tekle: Na nyinyi, wajomba?

Profesa alitazama bomba la gesi. Trekta safari hii alisikia vizuri kabisa, akajifanya hakusikia.

Wakamwaga kahawa. Tekle akajaza vikombe mvinyo wenye rangi ya chai ya rangi. Badri akadondosha matone kwenye mkate, kama wafanyavyo kijijini kumkumbuka marehemu, akataja jina la baba yake, akanywa. Ulikuwa ule ule wa baba yake, mkavu, usio na utamu, wenye ladha ya kokwa za jozi. Alishusha pumzi aliyoibana tangu mavuno ya Oktoba, na machozi yakamtoka bila aibu.

Badri: Sasa walitema kwa nini?

Tekle: Leo wana nyumba tano za kuonja. Wangemeza kote, ya tano wangefika wamebebwa. Ila sasa wamemrudishia mama ndoo yake, wanataka kumeza. Wanasema hizo nyumba nne zilizobaki zitangoja.

Badri aliondoka mbio na mkate wake.

Profesa: Nilisema tangu mwanzo mtungi ni mzima.

Trekta: Ulisema una ufa.

Profesa: Wewe husikii.

Kutoka nyumbani kwa Badri wimbo ukaanza, sauti yake mwenyewe, nene, isiyo na mafunzo. Hata Trekta aliusikia.