Makoti Kumi na Moja ya Dorkasi Madeje

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Sila Chibehe, mwalimu wa shule ya Chilolwe, na kusomwa naye kaburini, Jumamosi tarehe 17 Januari 1914.

Wazee wetu, mama zetu, na ninyi wageni mliotembea tangu alfajiri, nawasalimu: mbukwenyi. Nasoma kwa Kiswahili kwa sababu wako hapa watu wa Kondoa na watu wa reli, na kwa sababu marehemu ndiye aliyenifundisha kukisoma. Mama zetu wasiokielewa watafasiriwa baadaye, na najua watanisahihisha.

Dorkasi Madeje alizaliwa hapa Chilolwe, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Chibehe na mama yetu, ambaye baadaye alibatizwa Raheli. Tarehe hatuna. Mama anasema ilikuwa wakati wa kupalilia, miaka mitatu kabla ng'ombe hawajafa kwa sotoka, nami nimehesabu na kuandika Februari 1888. Asiyekubali anione baadaye. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, ndama wa baba alichanika sikio kwenye miiba. Madeje alimlaza, akamkalia shingoni, akalishona lile sikio kwa mwiba na uzi wa mshipa. Ndama alimpiga teke la kumtoa jino, lakini mshono haukufumuka. Baba alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Huyu atatushona hata sisi."

Mwaka 1902 alikwenda Mvumi kusoma kwa wamisionari. Baba hakutaka, mama alitaka, na mnajua katika nyumba yetu nani alikuwa anashinda. Alijifunza kusoma, kuandika na kushona kwa sindano, na kila aliporudi nyumbani alinikalisha kwenye mavumbi na kunichorea herufi kwa kijiti. Nikikosea alinipiga kidole. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 15 Aprili 1906, akaitwa Dorkasi, jina la yule mama wa Maandiko aliyewashonea nguo wajane wa Yafa. Hakulichagua yeye. Alipewa, kisha akalifanyia kazi.

Tarehe 10 Agosti 1907 aliolewa na Bartolomayo, mwana wa Bibi Matika wa hapa hapa Chilolwe. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Loisi, mwaka uliofuata. Mume na mke hawa nimewaona wakigombana mara moja tu, na ugomvi wenyewe ulihusu chumvi.

Kazi yake ilikuwa kushona. Kambi ya askari ilipojengwa kwenye njia ya simu, mwendo wa saa tatu kutoka hapa, askari walianza kumletea nguo zao. Vifungo vikikatika, kwapa likipasuka, koti lilikuja Chilolwe. Makoti aliyaweka katika sanduku la mbao, akiyarudisha yakiwa yamefuliwa. Mwanzoni mwa Novemba mwaka jana sanduku hilo lilikuwa na makoti kumi na moja ya kaki. Naomba mlikumbuke sanduku hilo.

Jumanne tarehe 4 Novemba 1913, saa saba mchana, ulikuja upepo ule. Sina haja ya kuwasimulia ninyi mliokuwepo, ila wageni wasikie. Ulitoka mashariki ukiwa mwekundu kwa vumbi, na haukupiga kisha ukatulia kama pepo tulizozoea. Ulipiga tu, mpaka jua linatua. Sisi tumekuwa tukijisifu kwamba tembe ni nyumba fupi, paa lake ni udongo, upepo hulipita juu. Siku ile uliingia kwa chini, ukazing'oa nguzo zilizoliwa na mchwa, na mapaa yakatuangukia pamoja na udongo wake wote. Matembe tisa yalianguka kati ya kumi na manne. Tulizika watu wanne. Na kule kwenye njia ya simu, nguzo thelathini na saba zililala chini.

Dorkasi na mama mkwe wake, Bibi Matika, walikuwa chumba cha ndani. Paa lilipoanguka lilizuiliwa na lindo, lile pipa la magome tunalowekea uwele, ikabaki nafasi ya watu wawili kulala ubavu. Walikaa humo saa tano, gizani, mdomo umejaa vumbi. Dorkasi alimpa mama mkwe lile sanduku awekee kichwa. Tulipowafikia kwa majembe, Bibi Matika alitoka akitukana, tukajua ni mzima. Tangu siku ile Dorkasi hakuweza kukaa nyuma ya mlango uliofungwa. Kama mlango ulikuwa wa ngozi, aliukunja. Kama ulikuwa wa mbao, aliuwekea jiwe usijifunge.

Alhamisi ikaja amri kutoka kambini: kila mwanamume mwenye nguvu aende kukata nguzo za simu, na mtu yeyote asikate mti wa kujengea nyumba mpaka njia ya simu isimame. Miti minene na mirefu iko kusini, mwendo wa siku tatu. Wanaume wetu wote wakaenda, Bartolomayo akiwamo, isipokuwa wazee na mimi mwalimu. Wanawake walibaki na watoto, mifugo na nyumba zisizo na mapaa, na miti ya kuezekea wanaiona kwa macho lakini hawaruhusiwi kuigusa. Mvua ilikuwa inakaribia.

Hapo ndipo Bibi Matika na wenzake waliposema upepo mbaya bado uko kijijini na lazima utolewe. Kwa wageni nieleze desturi hii: wanawake huvaa nguo za waume zao, hushika mikuki na fimbo, huswaga ng'ombe kama wanaume, na kuupeleka upepo mbaya mpaka kwenye mpaka wa machweo na kuutupa huko. Mwanamume haruhusiwi kukutana nao njiani. Akikutana nao, hupigwa. Mimi nilimkataza dada yangu asiende, kwa kuwa ni mbatizwa, naye alitii. Lakini nguo za kiume zilikuwa zimekwenda msituni migongoni mwa wenyewe. Bibi Matika akaja kwake.

"Mwanangu, una nguo za kiume sandukuni."

"Mama, hizo ni za serikali."

"Serikali ni mwanamke?"

"Hapana, mama."

"Basi ni nguo za kiume. Lete."

Dorkasi aliniambia baadaye kwamba alimtazama mama yule, aliyelala naye ubavu kwa ubavu chini ya paa, akashindwa kumnyima. Alifungua sanduku. Akawasaidia hata kufunga vifungo.

Jumatatu tarehe 10 Novemba wanawake thelathini na wanne waliondoka na ng'ombe wao, kumi na mmoja wa mbele wamevaa makoti ya kaki, Bibi Matika akiwa na lile lenye alama za cheo cha ombasha mkononi. Mimi nilijifungia shuleni. Nilijiambia ni kwa sababu za dini. Kabla hawajafika mpakani, walikutana na askari wawili wakija kutuhesabu, mmoja wao Ombasha Athuman wa Kondoa, mwenye koti lenyewe. Wanawake walifanya kama desturi inavyotaka: waliwapiga. Askari wale walikimbia hadi kambini wakasema wamekutana na jeshi, lina mikuki, na limevaa makoti ya askari wenzao, ambao bila shaka wamekwisha kuuawa. Ombasha Athuman yupo hapa leo, amekuja bila bunduki, na amenipa ruhusa niseme kwamba aliyempiga ni bibi wa miaka sabini.

Alasiri bunduki ishirini zilikuja. Wanawake wakaswagwa wao sasa, wakafungiwa katika zizi la kambi, na upepo mbaya haukufika mpakani. Dorkasi alipopata habari alikwenda mwenyewe, kwa miguu, sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye nguo yake kifuani. Bwana wa kambi, Mjerumani, alimuuliza swali moja tu, na Ombasha Athuman ndiye aliyefasiri: makoti yameibwa, au yametolewa? Yakiwa yameibwa, waliokutwa nayo ni wezi, watapigwa viboko na kutiwa mnyororo. Yakiwa yametolewa, aliyetoa atajibu.

"Nimeyatoa mimi," alisema. "Hawa walikuwa wanatupa upepo."

Wanawake waliachiliwa usiku ule ule, kwa sharti kwamba asiyekuwa na kibali asivuke mpaka wa Chilolwe. Dorkasi alishikwa awe dhamana mpaka nguzo ya thelathini na saba isimame. Walimfungia katika ghala la chokaa, nyumba ya bati isiyo na dirisha. Yeye, ambaye alikuwa ametoka chini ya udongo siku sita tu zilizopita.

Basi tukawa tumebanwa sote, kila mtu na kona yake. Wanaume walileta nguzo ishirini, kumi na mbili zikakataliwa kwa kupungua shibiri moja, wakarudi tena siku tatu kusini. Bartolomayo alibeba nguzo zake huku akijua kila mti unaokataliwa ni siku nyingine mke wake gizani. Wanawake walipanda uwele peke yao na kulala na ng'ombe, mvua ikiwanyeshea. Bibi Matika mara mbili aliondoka kwenda kujitoa badala ya Dorkasi, na mara mbili alirudishwa mpakani kwa kitako cha bunduki.

Jumapili tarehe 7 Desemba nilipata kibali cha kumwona. Nililolifanya siku hiyo nitalisema, maana nisipolisema mimi hapa hakuna mwingine atakayelisema. Mlangoni Ombasha Athuman alininong'oneza kwamba bwana wa kambi amechoka na kesi hii. Dorkasi akisema tu kwamba makoti yaliibwa, atalala nyumbani Chilolwe leo. Nilimkuta ameketi, nywele nyeupe kwa chokaa, anakohoa, anashona makoti yale yale. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, nami siku ile niliitaka kwa ajili ya ufupi wake.

"Dada, sema yaliibwa."

"Na mwizi atakuwa nani?"

"Bibi Matika ni mzee. Hawatampiga."

"Wewe utakuwepo kuwashika mikono?"

Nikamwambia Loisi analia kila jioni. Nikamwambia Mungu anajua moyo wake na atasamehe neno moja. Nilisema mengi, mengine kwa sauti ya ualimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Sila, mimi ndiye niliyekufundisha a, e, i. Hilo sikukufundisha." Kisha akashika mkono wangu. "Usifikiri siogopi. Mlango ukifungwa nasikia paa linashuka. Kila siku nasikia linashuka. Lakini nikisema neno hilo watafungiwa mama zangu kumi na mmoja, na mimi nitakaa nje nikiwasikiliza. Huko ndiko nisikoweza kukaa. Nenda, mwambie Ombasha asiufunge haraka."

Ombasha hakuufunga haraka. Tangu siku ile, zamu yake ilipofika, aliuacha wazi upana wa mkono na kukaa mwenyewe kizingitini. Leo namshukuru mbele yenu. Mimi mwenyewe nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa, na sikurudi kule ghalani kumwona tena. Nilisema nina kazi shuleni. Shule haikuwa na paa.

Nguzo ya thelathini na saba ilisimama Jumamosi tarehe 3 Januari 1914. Dorkasi aliachiliwa mchana huo, baada ya siku hamsini na nne. Alikabidhi makoti yote kumi na moja, hakuna kifungo kilichopungua. Uzi wa kaki ulikuwa umemwishia, hivyo koti la Ombasha Athuman lina vifungo viwili vya uzi mwekundu, nanyi mnaweza kuviona, maana amelivaa. Alitembea nusu ya njia. Nusu nyingine Bartolomayo alimbeba mgongoni.

Kifua kilikuwa kimeshaharibika kwa chokaa, homa ya kichomi ikaingia juu yake. Tulimpeleka Mvumi kwa machela, akapewa dawa, lakini baada ya siku chache aliomba arudishwe kwake. Paa lilikuwa bado nusu. Tulitaka kuning'iniza ngozi mlangoni kwa sababu ya upepo na mvua, akakataa, tukamwacha. Bibi Matika alikaa upande wa upepo akamkinga kwa mgongo wake. Alifariki Ijumaa tarehe 16 Januari, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, au ishirini na sita kwa hesabu ya mama. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kuuliza kama shule imeezekwa. Nilimwambia bado. Akasema, "Ezeka." Sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Naiomba hapa.

Marehemu ameacha mume, Bartolomayo, na mtoto mmoja, Loisi, ambaye tayari anajua kutunga uzi kwenye sindano. Ameacha mama, Raheli, mama mkwe, Bibi Matika, na mdogo mmoja, ambaye ni mimi. Ameacha sanduku moja tupu. Na ameacha wanawake kumi na mmoja wa Chilolwe, ambao leo wamesimama hapa kaburini mbele ya askari na mbele ya kanisa, na hakuna kinywa, kambini wala kijijini, kinachoweza kuwaita wezi.

Mungu ampumzishe dada yangu katika nyumba ambayo mlango wake haufungwi kwa nje.